Mashujaa Wetu Mbele ya Dirisha la Hospitali



Mwezi wa Julai una tarehe mbili ambazo hatuna mazoea ya kuziweka pamoja. Tarehe 14 Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Kamili wa Lellis, msimamizi wa wagonjwa na wa wale wanaowauguza. Tarehe 25 Taifa letu linaadhimisha Siku ya Mashujaa. Siku hiyo mkuki na ngao, sime na mashada ya maua huwekwa mnarani, tarumbeta hulia, viongozi wa dini husali, na wazee waliovaa nishani zao husimama wima kadiri miguu inavyowaruhusu. Kati ya tarehe hizo mbili kuna siku kumi na moja tu. Wiki hii tunaomba tuzitafakari kwa pamoja, kwa sababu yule msimamizi wa wagonjwa alikuwa kwanza askari, na kwa sababu wengi wa mashujaa wetu sasa ni wagonjwa.

Kamili alizaliwa Italia mwaka 1550. Akiwa kijana alifuata nyayo za baba yake, akawa askari katika vita vya Venisi dhidi ya Waturuki. Alipata kidonda mguuni ambacho kilimsumbua hadi kufa kwake mwaka 1614, na kamari ilimfilisi kabisa. Alitibiwa katika hospitali ya Mtakatifu Yakobo mjini Roma, na humo aliona kwa macho yake jinsi mgonjwa anavyoweza kulala katika hospitali yenye kuta nzuri na bado akatelekezwa. Shirika alilolianzisha baadaye lilizaliwa kutokana na uchungu huo.

Kabla yake alikuwako Mtakatifu Yohane wa Mungu, Mreno aliyekuwa askari katika jeshi la Kaisari Karolo V. Alipopatwa na msukosuko mkubwa wa nafsi mjini Granada, Hispania, alifungiwa pamoja na wagonjwa wa akili akachapwa viboko, maana ndiyo iliyokuwa tiba ya siku zile. Alipotoka alianzisha hospitali yake mwenyewe ili maskini na wagonjwa wapokewe kama watu. Alifariki mwaka uleule aliozaliwa Kamili. Mwaka 1886 Papa Leo XIII aliwatangaza wote wawili kuwa wasimamizi wa wagonjwa na wa hospitali.

Tusipite hapo kwa haraka. Wasimamizi hao wawili ni askari wa zamani, mmoja akiwa na jeraha la mwili na mwingine jeraha la nafsi. Majeraha ya namna zote mbili tunayo hapa kwetu, katika mitaa ya jiji la Dodoma na katika vijiji vya Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa na Kondoa. Swali letu la wiki hii ni jepesi kulitamka: mzee aliyepigania nchi hii anapofika mbele ya dirisha la hospitali, je, kuna mtu anayemtambua?

Nyanda hizi za kati zina kumbukumbu ndefu ya vita na ya kusahauliwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipopita Ugogo, majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalichukua nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo. Nyuma yake ikafuata njaa ya mwaka 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Wapagazi waliorudi walirudi katika vijiji visivyo na chakula, na hakuna aliyeandika walirudi na maradhi gani. Katika Vita Kuu ya Pili Watanganyika wapatao 87,000 waliandikishwa, wengine wakapelekwa kupigana mpaka Burma. Wazee hao wa KAR karibu wote wamekwisha kututangulia. Kwao hatuna tena nafasi ya kufanya jambo lolote isipokuwa kuwaombea.

Waliobaki nasi ni wale wa vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia Taifa kwamba tutapigana. Jeshi la Wananchi lilikuzwa kwa haraka hadi likawa na watu zaidi ya 100,000. Walitoka katika jeshi lenyewe, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa, na pamoja nao walikuwamo maelfu ya mgambo waliotolewa vijijini. Hapa kwetu waliacha majembe wakati mvua za kwanza zinakaribia. Walivuka Mto Kagera, wakapita Mutukula, Masaka na Lukaya, wakaingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Mwanzoni mwa Juni vita vilikwisha. Kijana aliyekuwa na miaka 20 alipoitwa, leo anaelekea miaka 70. Wakubwa wake wamepita 75 na 80. Kwa hiyo jambo hili halina muda mrefu wa kusubiri semina na mikakati. Kila mwaka tunaouahirisha ni mwaka wa mazishi.

Nyuma yao kuna kundi la tatu ambalo bado lina nguvu: vijana wetu waliotumwa kulinda amani Darfur na mashariki mwa Kongo. Tarehe 7 Desemba 2017, huko Semuliki, Kivu ya Kaskazini, kambi yao ilishambuliwa, wakauawa askari wetu wasiopungua 14 na wengine wengi wakajeruhiwa. Tulisoma habari hizo, tukasikitika, tukaendelea na shughuli. Waliojeruhiwa na walioshuhudia wataishi na siku hiyo kwa miaka arobaini ijayo. Tunavyowatunza wazee wa Kagera leo ndivyo vijana hao wanavyojifunza nini kinawangoja.

Sasa tuangalie majeraha yenyewe, kwa maana huruma isiyojua inachokihurumia hupotea upesi.

La kwanza ni masikio. Mtu aliyekaa karibu na mizinga na yale maroketi ambayo Waganda waliyapachika jina la Saba Saba anaweza kupoteza usikivu kidogo kidogo mpaka uzeeni. Mzee huyu hukaa kwenye benchi la kituo cha afya tangu alfajiri. Jina lake linaitwa mara mbili, hasikii, anaitwa anayefuata. Akisogea kuuliza huonekana msumbufu, na akielezwa jinsi ya kunywa dawa huitikia kwa kichwa bila kuwa amesikia, kisha anazinywa vibaya nyumbani. Watu husema mzee huyu ni mkaidi. Kumbe anachohitaji ni muuguzi wa kumsogelea na kusema naye uso kwa uso.

La pili ni chuma. Wapo waliorudi na vipande vya bomu mwilini ambavyo madaktari wa wakati ule waliona ni salama zaidi kuviacha kuliko kuvitafuta kwa kisu. Leo hospitali kubwa zina kipimo cha MRI, ambacho hufanya kazi kwa sumaku yenye nguvu nyingi. Mgonjwa mwenye chuma mwilini akiingizwa humo bila wataalamu kujua, anaweza kudhurika. Hapa swali la kwamba mzee huyu aliwahi kupigana au la linaacha kuwa la heshima peke yake. Ni swali la usalama wake.

La tatu ndilo zito, na ndilo tunalolinyamazia. Yapo majeraha ya nafsi: ndoto zinazomwamsha mtu akipiga kelele, kushtuka kwa mlango uliobamizwa, hasira isiyo na sababu, kujitenga, na pombe inayonywewa ili usingizi upatikane. Madaktari wanautambua ugonjwa huu unaotokana na mshtuko mkubwa wa maisha. Chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliuingiza rasmi katika mwongozo wake mwaka 1980. Tuiangalie tarehe hiyo vizuri. Vita vya askari wetu vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja kabla. Walirudi na ugonjwa ambao ulikuwa haujaingizwa katika mwongozo huo, wakapewa majina tuliyokuwa nayo vijijini: mlevi, mkorofi, aliyerogwa, aliyerudi na mikosi ya damu. Wake zao na watoto wao walibeba usiku huo wa miaka mingi bila kujua wanabeba nini.

Na hapa sisi wa Dodoma tuna jambo la kujiuliza zaidi kuliko wengine. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili ya Mirembe, iliyoanzishwa mwaka 1927, iko katika jiji letu. Wataalamu tunao jirani. Lakini jina la Mirembe tumeligeuza kuwa tusi la barabarani na mzaha wa vijiweni, kiasi kwamba mzee aliyevumilia mizinga hathubutu kuvuka geti lile asije akaonekana na majirani. Katika Kiganda, lugha ya watu ambao askari wetu waliwakuta njiani kuelekea Kampala, neno mirembe maana yake ni amani. Ingefaa tulirudishie jina hilo heshima yake. Kwa wazee hawa lingekuwa na maana kamili.

Wako watakaotujibu kwamba jeshi lina hospitali zake. Ni kweli, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Ipo Hospitali Kuu ya Jeshi ya Lugalo jijini Dar es Salaam, na hapa Dodoma, huko Msalato, ulianzishwa ujenzi wa hospitali ya jeshi kwa msaada wa Ujerumani. Mwanajeshi aliyestaafu kwa utaratibu ana kitambulisho, ana pensheni, na ana jeshi linalomjua kwa namba. Lakini mgambo wengi walirudi moja kwa moja shambani. Hawakuwa waajiriwa, hivyo hawakustaafu. Na asiyestaafu hana faili la ustaafu. Wengine karatasi zao zililiwa na mchwa zamani, wengine hawakupewa karatasi. Maswali juu yao yameulizwa bungeni mara nyingi, na majibu yamekuwa yakirudi kwenye taratibu na kumbukumbu. Mzee wa namna hiyo akiugua huko Mpwapwa vijijini, Lugalo kwake iko mbali kama Kampala.

Wengine watasema kwamba sera tayari ipo. Ndiyo, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua kwamba wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Ni jambo jema mno. Hata hivyo kila anayewasindikiza wazee hospitalini anaijua safari yake: daktari anaonwa bila malipo, halafu mzee anaelekezwa duka la dawa lililo nje ya geti kwa sababu dawa aliyoandikiwa haipo ndani. Msamaha wa malipo unaoishia kwenye cheti cha dawa haujamponya mtu.

Yupo pia atakayeuliza kwa haki kabisa: kwa nini askari? Je, mkulima aliyelilisha Taifa miaka hamsini, au mjane aliyelea yatima, hawastahili? Wanastahili, na hatuombi mtu yeyote arudishwe nyuma ya foleni ili askari apite. Wala Kanisa halitukuzi vita. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes, namba 79, uliwatazama wanajeshi wanaotimiza wajibu wao vema kuwa watumishi wa usalama na uhuru wa mataifa, na hapohapo ukalaani unyama wa vita. Hoja yetu ni ya haki. Jeraha la askari lina mwenye kulijibia. Hakulipata kwa bahati mbaya ya maisha. Alitumwa, na aliyemtuma ni sisi sote kwa jina la Taifa. Anayemtuma mtu kwenye hatari kwa faida yake hamalizi deni kwa kumshukuru.

Katika hili tunaweza kujifunza kutoka kwa watu tuliowahi kuwahifadhi. Kongwa, kilomita chache kutoka barabara kuu ya kwenda Morogoro, ilikuwa tangu miaka ya 1960 kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika: FRELIMO, SWAPO, ANC na wengineo. Wazee wa huko wanawakumbuka, na baadhi yao walizikwa huko. Wapiganaji wale hawakuwa na barua za ajira wala hati za mshahara, kama mgambo wetu. Lakini Namibia ilitunga sheria ya wapiganaji wa zamani mwaka 2008, na Afrika Kusini mwaka 2011. Sheria ya Afrika Kusini iliwatambua pia waliopigana katika majeshi ya ukombozi, na ikataja wazi matibabu na ushauri nasaha kuwa haki yao. Hatusemi kwamba huko mambo yamenyooka. Oktoba 2021 kundi la wapiganaji wa zamani liliwazuilia mawaziri katika hoteli moja karibu na Pretoria likidai haki ambazo lilisema hazijatekelezwa. Sheria bila watendaji ni ahadi iliyopigwa muhuri. Hata hivyo wao wana karatasi ya kuidai. Mgambo wetu hana.

Tunapendekeza nini basi? Tutasema mambo machache yanayowezekana.

Kwa Serikali yetu, ambayo Bunge lake limeketi katika jiji hili: Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa hapa Dodoma mwaka 2023, na imeweka nia ya kuwagharimia wasio na uwezo. Tunaomba mgambo na askari wa zamani wa Kagera watajwe kwa jina miongoni mwa watakaogharimiwa, pamoja na wenzi wao. Ili hilo liwezekane, waandikishwe kijiji kwa kijiji. Pale karatasi zilipopotea, ukubaliwe ushuhuda wa wenzao waliokuwa nao vitani pamoja na wa serikali ya kijiji. Kazi hiyo ifanyike wakati mashahidi wangali hai.

Kwa waganga, wauguzi na maafisa tabibu, ambao wengi wenu mnasali nasi: swali moja tu liongezwe mnapochukua historia ya mgonjwa mzee. Aulizwe kama aliwahi kuwa jeshini, mgambo au vitani. Halihitaji bajeti. Jibu lake laweza kueleza uziwi, maumivu ya mguu yasiyoonekana sababu, usingizi uliopotea na pombe iliyozidi. Nao wataalamu wa Mirembe wakipewa usafiri wa kufika katika vituo vya afya vya wilaya kwa siku zinazojulikana, mzee ataonwa pale anapotibiwa shinikizo la damu, bila kulazimika kuvuka geti analoliogopa.

Kwa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo: kila jumuiya ijue wazee wake waliopigana, wawe Wakatoliki au la, maana risasi hazikuuliza dini. UWAKA na WAWATA wapange zamu za kuwasindikiza kliniki, awepo mtu wa kusikia jina likiitwa na wa kukumbuka maelezo ya dawa. Vijana wa VIWAWA waketi nao wayaandike wanayosimulia, kwa ridhaa yao. Na wake za wazee hawa waulizwe nao wanalalaje.

Kwa sisi mapadre na makatekista lipo neno pia. Wazee wengine hubeba mambo waliyoyaona au waliyoyatenda, na huyaleta katika Sakramenti ya Kitubio baada ya miaka arobaini. Tuwasikilize bila haraka. Lakini tusimwambie mgonjwa kwamba sala inatosha na dawa ni upungufu wa imani. Sakramenti huponya dhambi na kutia nguvu. Ugonjwa wa nafsi unahitaji pia daktari, na padre mwema anajua njia ya kwenda hospitalini.

Yule Msamaria wa Injili ya Luka hakuishia kufunga majeraha barabarani. Alimfikisha majeruhi penye nyumba ya wageni, akaacha dinari mbili, akaahidi kurudi kulipa gharama zitakazozidi. Ahadi hiyo ya kurudi ndiyo inayopungua katika huduma tunayowapa mashujaa wetu. Tunawafikia mara moja kwa mwaka, tunawapigia makofi, kisha haturudi kuuliza gharama imezidi kiasi gani.

Na katika kila Misa, kabla ya kupokea Komunyo, tunakiri kwamba hatustahili Bwana aingie kwetu, tunaomba aseme neno tu tupone. Maneno hayo tumeyapokea kutoka kwa askari, ofisa wa jeshi la Kirumi pale Kafarnaumu, aliyekuwa akimwombea mtumishi wake mgonjwa. Dominika hii tunapoyatamka, tumtaje moyoni mzee mmoja aliyepigana. Jumatatu tumpigie hodi, tumuulize ni lini atarudi kliniki, na ni nani atakayekwenda naye.

Mungu awajalie afya wazee wetu, na awapumzishe kwa amani wote waliotangulia.